Taa ni ya Kuita

Haya niliyasema katika ukumbi mmoja wa Mwanga, Kigoma, mbele ya vijana wa vikundi vya ngoma, sarakasi na maigizo. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimeruka salamu ndefu, na ile dakika moja kipaza sauti kilipotugomea.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na wazazi, habari za jioni. Na ninyi vijana mliobanana huko nyuma karibu na mlango kama abiria wanaoshukia kituo kinachofuata, hamjambo.

Kwenye bango la nje wameandika kwamba nitazungumzia "mustakabali wa sanaa za jukwaa katika zama za kidijitali". Sikuandika mimi. Mimi nimekuja kuzungumzia neti. Ile pale katikati ya ukumbi. Watu wawili wameshaniuliza mlangoni kama leo kuna harusi, maana inaning'inia kama kitanda cha bibi harusi. Hakuna harusi. Ni vyandarua vinne vyeupe vilivyounganishwa na fundi cherehani wa hapa sokoni, na tafadhali, tulivinunua dukani. Si vile vya kliniki. Vya kliniki ni vya kulalia; si vya dagaa, wala si vya maigizo.

Sisi tuko wawili. Mwenzangu mtamwona baadaye. Sasa hivi yuko nyuma ya pazia ananyoosha viungo na hapendi kusemeshwa. Yeye ni wa sarakasi na ngoma, kajifunza kupinduka kwenye mchanga wa Kibirizi tangu yuko darasa la nne. Mimi sina cha kujivunia mwilini. Mimi nilikuwa fundi wa kibanda umiza kule Ujiji. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mpira wa Jumamosi unaonekana ukutani, hata kama jua la saa kumi linapenya kwenye matundu ya mabati. Nilibandika nailoni nyeusi, nikaziba matundu kwa matope, nikajua saa ngapi jua linaingia kwa wapi. Chuo changu cha mwanga ni kile. Watu wananiuliza nilisomea wapi mambo ya projekta; nilisomea kwa wateja wanaodai hela yao warudishiwe.

Sasa, aina ya mchezo tunaoufanya ina jina huko nje, na ukilitafsiri bila kufikiri unapata kitu kama "tamthilia ya kuzamisha". Nilimwambia mama mmoja wa Kibirizi kwamba tunaandaa mchezo wa kuwazamisha watazamaji. Akaacha kuanika dagaa wake, akaniangalia. "Mwanangu," akasema, "huku kwetu aliyezama tunamsubiri siku ya tatu aelee." Jina likafa hapohapo. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, huliletei mzaha wa kuzama. Hata Liemba, meli yetu ya ziwani, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isije ikachukuliwa na maadui zao, na Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924. Kuzama kwetu si sifa ya kitu chochote. Tukauita mchezo wa kuingia, na mpaka leo tunauita hivyo.

Maana yake ni kwamba hupewi kiti ukaangalia mbele. Unaingia palepale mchezo ulipo, mchezaji anapita karibu yako, picha inakuangukia begani, ukisogea na yenyewe inasogea. Wenzetu waliokwisha kujenga kumbi zenye pazia na viti vilivyopigiliwa misumari sakafuni wanaliona hilo kuwa jambo jipya kabisa. Hapa kwetu nani aliwahi kukaa kiti chenye namba kwenye ngoma? Mlioko Kasulu mnaofika Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, mmewaona wapiga ngoma wa Kirundi. Wanaingia ngoma ziko kichwani na huku wanazipiga, wanajipanga nusu duara, halafu mmoja mmoja anatoka kuruka katikati. Ngoma hizo UNESCO waliziingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Ukisimama hatua tano kutoka pale, kifua chako hakikuulizi kama kimelipa kiingilio. Kinaanza kupiga nazo.

Watu walionifungua macho ni wawili wa Ufaransa, mjini Lyon, Adrien Mondot na Claire Bardainne. Niliwaona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, bando likaisha katikati, ikabidi nikope salio ili nimalizie. Mondot alianza kama mrusha mipira, wale wa sarakasi wanaozungusha mipira mitatu minne hewani. Wakati huohuo ni mtu wa kompyuta. Alifanya kazi INRIA, taasisi ya utafiti wa kompyuta, kule Grenoble. Mwaka 2004 akaanzisha kampuni yake. Bardainne ni mtu wa michoro na wa kupanga sura ya jukwaa, na tangu 2011 kampuni inabeba majina yote mawili: Adrien M & Claire B.

Nataka mlione hilo la mipira, maana ndilo lenye siri. Aliyezoea kurusha mipira anaujua uzito kwa mkono kabla hajaujua kwa hesabu. Mpira ukipanda unapunguza mwendo, unatulia kidogo kule juu, halafu unashuka kwa haraka inayozidi kuongezeka. Basi mtu huyo alipokaa mbele ya kompyuta hakutengeneza katuni. Alitengeneza programu, aliiita eMotion, ambamo nukta na mistari na herufi zina uzito wake. Zinavutana, zinasukumana, zinayumba kama zimefungwa springi. Kwa hiyo picha zao zikidondoka, zinadondoka kama embe. Na hazijarekodiwa nyumbani zikaletwa kwenye mkanda. Zinazaliwa palepale mchezaji anapocheza. Nyingine zinamfuata kwa kamera, nyingine kuna mtu pembeni anazichezesha kwa vidole kama mcheza vikaragosi.

Mwaka 2013 walitoa mchezo unaoitwa Hakanaï. Ni neno la Kijapani la kitu kisichodumu, na maandishi yake yanaunganisha alama ya mtu na alama ya ndoto. Mchezaji ni mmoja, mwanamke, ndani ya chumba cha mraba ambacho kuta zake ni kitambaa chepesi kinachoonesha ng'ambo. Watu wanakaa pande zote nne. Mistari ya mwanga inajikunja anapoigusa, inamfungia, inapasuka. Akimaliza, watazamaji wanakaribishwa waingie wenyewe mle ndani. Mwaka 2014 wakafanya Pixel pamoja na Mourad Merzouki, bwana wa dansi ya hip hop ambaye naye utotoni alipitia sarakasi na sanaa za mapigano. Humo wako wachezaji 11. Mwaka 2019, katika kazi yao ya Acqua Alta, wakaweka hadi kitabu cha karatasi, ukikishikia simu au tableti juu yake unaona watu wadogo wa mwanga wanatembea kwenye kurasa.

Lakini mimi siku ile, kwenye simu iliyopasuka, niliona kitu kimoja tu. Nilikiangalia kile kitambaa nikasema, hiki ni chandarua.

Niwaambie neti inafanya nini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea wakaenda kununua kitambaa cha sinema cha bei mbaya. Ukiimulika neti kutoka mbele, zile nyuzi zinashika mwanga na picha inaonekana imesimama hewani, haina ukuta. Ukizima ya mbele ukawasha taa kwa aliye nyuma, neti inapotea kabisa na mtu anabaki. Ukipunguza moja taratibu huku ukiongeza nyingine, mtu anatoka ndani ya picha kama anatoka kwenye maji. Taa mbili na neti, basi. Ubaya wake ni kwamba mwanga mwingine unapita kwenye matundu na kwenda kupiga ukuta wa nyuma, kwa hiyo picha inatokea mara mbili, ya pili ikiwa kubwa na ya kipumbavu. Tulihangaika nayo wiki nzima. Dawa yake imetundikwa pale nyuma, mnaiona? Kaniki. Kaniki inakunywa mwanga kuliko kitambaa chochote nilichowahi kukijaribu. Na projekta usiiweke usawa wa macho. Ipandishe juu, iangalie chini, ule mwanga uliopenya uishie sakafuni ambako miguu ya wachezaji inauhitaji.

Kamera yetu ni Kinect. Microsoft waliitoa mwaka 2010 kwa ajili ya watoto wacheze gemu sebuleni, wasanii wa dunia nzima wakaivamia. Inatupa mwanga ambao jicho halioni, na kwa mwanga huo inajua nani yuko karibu na nani yuko mbali hata gizani totoro. Waliacha kuitengeneza 2017, ndiyo maana ya kwetu tuliipata kwa bei ya mitumba, waya wake umeungwa mara mbili.

Sasa sikilizeni kilichotutokea, kwa sababu nikiondoka hapa mkakumbuka jambo moja, nataka liwe hili. Mwenzangu anainua mkono, punje za mwanga zinaufuata mkono. Safi. Ila zinaufuata zimechelewa. Kidogo tu, kama mtu wa mbali anayejibu simu: unasema haloo, kimya, halafu ndiyo haloo yake inakuja. Laptopu yetu ilikuwa imechoka na mimi nilikuwa nimeibebesha punje elfu kumi kwa sababu nilitaka ifanane na ya Lyon. Siku ya kwanza tulifurahi. Siku ya tatu nikaona kitu ambacho hakikunipendeza. Alikuwa anainua mkono, halafu anasubiri. Anapinduka, anasubiri. Binti ambaye mchangani hamsubiri hata mpiga ngoma, mpiga ngoma ndiye anayemkimbiza, sasa anaisubiri laptopu.

Nikamwambia avumilie, nitatafuta memori ya kuongeza. Akafunga kanga yake kiunoni, akakaa chini. "Kaka," akasema, "mimi nacheza, au nimepanga foleni benki?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikaondoa punje nikabakiza mia mbili. Zilipendeza zaidi, maana sasa kila moja unaiona. Halafu nikafanya jambo ambalo mafundi wenzangu wananicheka: sehemu kubwa ya mchezo niliizima kamera. Nikawa kamera mimi mwenyewe. Simu ya mguso mkononi, macho kwake, vidole vinafuata pumzi yake. Ukimtazama mchezaji muda mrefu unajua atakapokwenda kabla hajaenda. Bega ndilo linalosema. Kompyuta inamwona alipo. Mimi namwona anakoelekea, na hapo ule ucheleweshaji ukaisha.

Mahali pamoja tuliuacha, tukaupa kazi. Kwenye mchezo wetu kuna binti anayemkumbuka bibi yake aliyemfundisha kusuka mikeka. Kivuli chake kinamfuata kwenye neti kikiwa nyuma kwa nusu sekunde, baadaye sekunde moja, baadaye tatu, mpaka anageuka na kukikuta bado kinasuka wakati yeye alishanyanyuka. Tulipouonesha Ujiji, hapo ndipo niliposikia watu wameacha kutafuna karanga.

Kwa hiyo vijana, mtu akiwaletea programu mpya, mwekeeni mchezaji wenu mbele yake kwa dakika tano kisha mwangalieni yeye. Picha msiziangalie. Akianza kusubiri, mrudishieni mwenye nayo.

Nilitaka niishie hapo kwenye mambo ya mashine, lakini siwezi kuzungumzia mwanga Kigoma bila kuwazungumzia waliotutangulia. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa, Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wapumzike na kuzaana. Mnaokaa Bangwe na Kibirizi mnaukumbuka ule usiku wa kwanza. Tulizoea usiku wa giza la mwezi ukisimama mlimani unaona ziwa limewaka taa mpaka mbali, utadhani kuna mji mwingine kule majini. Ghafla, hakuna kitu. Mbwa wenyewe walikuwa wanabweka ovyo.

Mjomba wangu ni mvuvi. Mitumbwi yake iligeuzwa kifudifudi ufukweni na taa zake za sola zikawa zimelundikwa chumbani pamoja na magunia. Nikaenda kumwomba. Shikamoo mjomba, marahaba, nikamweleza shida yangu. Akanipa taa nane, bila kodi, kwa sharti moja kwamba aje aangalie tunazifanyia nini. Akaja. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatuangalia tunafanya mazoezi, mimi nawasha na kuzima na kubadilisha rangi kila sekunde mbili kama gari la matangazo.

Akasema, "Mnawasha kama mnafukuza wezi."

Ndipo akatueleza wanavyofanya tangu enzi za karabai za kupampu. Kwanza usiende siku za mbalamwezi. Ukiwa na mwanga kila mahali, taa yako ni bure. Ukifika unawasha, unakaa. Huvui. Vijidudu vya majini vinaifuata taa, dagaa wanafuata vijidudu, migebuka nayo inakuja nyuma ya dagaa. Unaweza ukakaa saa nzima unaangalia maji tu. Wakishajaa unazima taa moja, unangoja. Unazima nyingine, unangoja. Wote wanasogea kwenye ile iliyobaki, na hiyo iliyobaki iko juu ya neti. Hapo ndipo neti inapandishwa, taratibu, bila kelele. "Taa si ya kumwonesha dagaa kitu," akasema. "Taa ni ya kumwita."

Mimi nimesoma makala za taa za jukwaani, nimeangalia mafunzo kwenye intaneti mpaka usiku wa manane. Sijakuta mahali palipoeleza vizuri kuliko pale kwenye ndoo.

Tukabadilisha mwanzo wote wa mchezo. Zamani tulikuwa na kijana wa mlangoni anayewaambia watu "piteni huku, simameni hapa, msiguse". Tukamwondoa. Watu wanaingia gizani, kuna taa moja ya mvuvi inawaka mbali, basi. Hakuna anayesema kitu. Dakika ya kwanza wananong'ona. Dakika ya pili kuna mtoto anakwenda kwenye taa. Mama anamfuata mtoto. Baba anamfuata mama, akijifanya anasoma simu. Mgebuka siku zote anakuja mwisho. Tunawasha ya pili upande wa kushoto, tunaizima ya kwanza, wanahama. Kufikia ya nane tayari wote wako ndani ya neti na hawajui waliingia saa ngapi. Huko Ulaya kuna watu wanalipwa kwa kubuni njia ya mtazamaji kutembea ndani ya mchezo. Kibirizi wanaume wanaifanya kazi hiyo wakiwa na usingizi.

Kuna mzee mmoja ameniletea kikaratasi hapa: anasema haya ni mazingaombwe. Mzee wangu, sikatai hata kidogo. Mwaka 1862 kule London bwana mmoja aitwaye John Henry Pepper, akitumia wazo la mhandisi Henry Dircks, aliwaonesha watu mzimu jukwaani na watu wakapiga yowe. Alichokuwa nacho ni bamba kubwa la kioo lililowekwa mshazari na mtu aliyefichwa chini, akamulikwa. Mle kwenye kioo taswira yake inaonekana imesimama kati ya wachezaji. Aliyewahi kusafiri usiku kwa treni kupitia Uvinza akaangalia dirishani ameshauona mzimu wa Pepper: ni yeye mwenyewe, anaelea juu ya miti. Wasio na projekta waanzie hapo. Kioo cha dirisha, simu iliyowaka, chumba cheusi. Nusu ya mambo tunayoyafanya sisi wawili yanatoka kwenye dirisha la treni.

Nisiwadanganye kwamba yanakwenda vizuri kila siku. Mwezi wa kumi na moja tulicheza nje, uwanjani, mvua ilikuwa imenyesha mchana. Mnajua kinachotoka ardhini baada ya mvua ya Novemba. Tumewasha projekta, mwenzangu kaingia, punje mia mbili zimeanza kumzunguka, na kumbikumbi nao wakaja. Kwanza kumi, halafu sijui wangapi. Kamera haina akili ya kujua huyu ni binti na huyu ni mdudu; ikaona vitu vinapita mbele yake ikavipa vyote mwanga. Neti nzima ikalipuka. Kila kumbikumbi ana mkia wa nyota. Mimi napigana na kompyuta, jasho linanitoka, namtazama mwenzangu nikijua atasimama. Hakusimama. Aliunyoosha mkono, kumbikumbi wakatua juu yake, akaanza kucheza polepole sana asiwatibue. Watoto wa pale mbele wakavunja mstari wakaingia kwenye neti kuwakamata na kuwaweka kwenye chupa za maji. Mchezo uliishia hapo, hatukufika hata kwa bibi na mikeka. Siku iliyofuata watu walitusimamisha njiani wakauliza wale wadudu tunawafuga wapi.

Baada ya hapo nje hatuchezi kati ya Oktoba na Desemba. Au tukicheza, tunaweka taa ya chambo mbali, kama mjomba.

Hela, nitaipitia haraka kwa sababu inaudhi. Projekta tulinunua iliyotumika, tuliuza baiskeli na redio. Kuna ofisi moja, siitaji, ilituahidi vifaa, ikatuita vikao vinne, kila kikao barua mpya ya maombi, na mwisho wakatuuliza kama tunaweza kucheza bure kwenye sherehe yao. Tulicheza. Chakula kilikuwa kizuri. Hayo yameisha.

La sarakasi nalisema polepole, maana wazazi wako hapa. Nchi hii sarakasi si jambo la kuokota. Miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza, wakarudi, kukawa na kikundi cha taifa. Na Bagamoyo mpaka leo kuna taasisi ya sanaa, TaSUBa, ambako sarakasi ni somo kama masomo mengine. Sasa mnaniletea kijana anataka kupinduka mara mbili gizani, kwenye sakafu ya saruji, projekta inampiga machoni, kwa sababu ameona kwenye simu. Hapana. Mwanga wa projekta ukikuingia machoni unapokuwa kichwa chini hujui ardhi iko wapi. Mwenzangu aliteguka kifundo cha mkono hivyohivyo, na kosa lilikuwa langu. Nilisogeza projekta bila kumwambia. Wiki sita hakuweza kuchota maji. Mama yake alinijia nyumbani, nikajua leo natukanwa.

Akakaa. Akanywa maji. "Baba," akaniita, na mimi ni sawa na mwanawe wa kwanza, "wewe ndiye unayeshika taa?"

"Ndiyo mama."

"Basi kabla hujawasha, mwite jina."

Tangu siku hiyo hakuna taa inayobadilika kabla sijamwita jina na yeye hajaitika. Kwenye mchezo mtasikia sauti yangu, watu wanadhani ni sehemu ya hadithi. Imekuwa sehemu ya hadithi. Na chini ya ile kaniki kuna magodoro matatu, nayo hatuyafichi.

Nimeonywa kwamba muda umekwisha, naona mwenyekiti anaangalia saa kwa adabu. Maswali mtaniuliza huko ndani.

Mtaingia sita sita, maana neti ni ndogo na fundi ameniapia kwamba mishono yake haihimili wanafunzi wa sekondari. Viatu viacheni kwenye mkeka. Simu zizimeni kabisa, hata ile ya mzee. Taa moja ndogo mkononi inatosha kuuvunja usiku wote. Mama uliyebeba mtoto, wewe usiache, ingia naye, na akitaka kwenda mbele mwachie. Wa mlangoni, funga mlango. Wa swichi, zima ya kwanza.

Ngoja.

Zima ya pili.